Kiti Kilichogeukia Ukuta

Jamani, mwili ulinifa ganzi palepale!

Mwanafunzi mpya aliingia darasa letu la jioni la watu wazima, kajitanda shuka jeupe mpaka machoni. Akavuta kiti. Akakigeuza... akaketi akiangalia ukuta!

Darasa zima likacheka.

Mimi sikucheka. Siku yangu ya kwanza hapa, nami nilikaa hivyohivyo.

Kwenye jumuiya niliyotoroka, mwanaume akisoma Maandiko, wanawake tunampa mgongo. Kusoma wenyewe ni dhambi. Na ukitoroka, unazikwa! Sikutanii. Wanachimba kaburi, wanafukia nguo zako, na mama yako mzazi ndiye anayetupa udongo wa kwanza.

Mama yangu aliutupa. Nilijificha nyuma ya uzio, nikamwona. Mkono wala haukutetemeka.

Baada ya hapo wanatuma mwanamke akutafute. Anakaa karibu yako, mpole kama maji ya mtungi. Nje wanaume wanasubiri na gari. Mwenzangu mmoja alirudishwa hivyo. Mpaka natoroka, alikuwa hajasema neno.

Mara nikasikia gari likinguruma nje ya dirisha.

"Ee Mungu, nifiche..."

Muuza mitumba ninayekaa naye dawati moja akaninong'oneza:

"Shoga, mbona jasho?"

"Wamenifuata."

"Nani?"

"Walionizika."

"Makubwa haya! Basi marehemu, kaa nyuma yangu. Mwili huu Mungu hakunipa bure."

Mwalimu akasema, "Mama mgeni, ubao uko huku."

Yule mwanamke akageuka polepole. Shuka likateleza...

Mama!

Nikaukimbilia mlango. Nikajikwaa kwenye dawati, nikaanguka kifudifudi.

"Sirudi, mama! Hata mkiniua, sirudi!"

"Nikurudishe wapi, mwanangu?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mimi wamenizika wiki iliyopita."

Akainama karibu yangu.

"Nilisema mbele ya watu kwamba nimekukumbuka. Wakalifukia gauni langu la kijani, lile zuri! Si wangechukua hata kuukuu?"

"Na gari lililo nje?"

"Gari gani? La taka hilo!"

Muuza mitumba akaangua kicheko. Mimi nikaangua kilio.

"Umenipataje, mama?"

"Utotoni ulikuwa unachora herufi kwenye majivu, nikakuchapa. Nikajua kama uko hai, utakuwa panapofundishwa. Nimeuliza kila darasa la watu wazima."

Nilitaka kumuuliza kuhusu ule udongo. Nikashindwa. Mpaka leo naogopa jibu.

Nikakishika kiti chake, nikakigeuza kuelekea ubaoni. Mama akafumba macho kwanza. Akafungua jicho moja... kisha la pili.

Wapendwa, mlango ukigongwa, bado sote wawili tunashtuka. Hofu tuliyolishwa kwa miaka haitoki kwa siku moja. Ila tunasali, na Mungu tunayemkuta hafanani na yule tuliyetishiwa naye.

Ukimwona mtu kakaa uso ukutani, usimcheke. Mgeuzie kiti, taratibu.