Mkono wa Kabale

Hebu fikirini, wanangu, chumba Isiolo, mwaka 1984, mchana, madirisha yamezibwa kwa blanketi, projekta inavuma gizani. Rafiki yangu Margaret alikuwa akionyesha slaidi za rangi za zamani ili wazee wamtajie watu waliomo.

Ukutani akatokea mwanamke aliyeshika ngamia. Mkono wake mwingine ulinyooka kushoto, alikoketi mzee Adano.

"Ngamia ni wangu," Adano akasema. "Huyo mama simjui."

"Humjui Kabale, mjane wa ndugu yako?" Mama Abiba, mmoja wa wazee wale, akacheka kidogo. "Ulimnyang'anya ngamia wake wa kubebea maji wakati wa kiangazi. Akatoka kijijini Sericho kwa miguu, kiu ikamuua njiani. Alikufa akisema atakuonyesha kwa watu."

Margaret akaona alama ya moto ya ngamia iko shavu la kulia, ilhali ukoo wa Adano huwachoma ngamia wao shavu la kushoto.

"Samahani, nimeweka slaidi kinyume."

Akaichomoa, akaigeuza, akairudisha. Tak. Ngamia akatazama upande wa pili, kilima kikahama, hata uso wa Kabale ukageuka.

Wanangu, mkisahau mengine yote, kumbukeni hili moja tu: mkono haukugeuka.