Wahafidhina Wawili, Nyumba Moja

Jumapili asubuhi Annelies alikuwa akimenya viazi. Mara akasikia mashine ya kukata nyasi ikinguruma uani. Akaacha kisu. Kijijini kwao Bavaria, kusini mwa Ujerumani, hakuna apigaye kelele Jumapili.

Alipotoka, baba yake, Mzee Korbinian, alikuwa ameshamfikia Wade, mumewe, Mmarekani wa Oklahoma.

"Zima hiyo. Leo siku ya Bwana, na sheria imekataza."

"Uani kwangu, baba, serikali inanipangia siku?"

"Na wewe ndiye unayejiita mhafidhina."

"Mhafidhina hasa. Wewe unayesifu bima ya afya ya lazima, ndiwe msoshalisti."

Mzee alibadilika rangi. Yeye, aliyekipigia kura chama cha kihafidhina maisha yake yote! Akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo hawakula meza moja. Wade akaanza kuulizia tiketi za kurudi kwao. Annelies alikuwa mjamzito, na usingizi ukamkimbia. Akikaa, anasimama. Akisimama, hajui aende wapi.

Mwishowe akamwita jirani, Bi Roswitha, aliyewahi kufundisha historia Texas. Akawaketisha wote kwa kahawa.

"Mhafidhina hulinda alichorithi," alisema Bi Roswitha. "Korbinian, wewe umerithi nini?"

"Kanisa, kijiji, desturi. Na serikali inayomtunza mnyonge. Bima hiyo ilianzishwa na chansela mhafidhina, ili wafanyakazi wasiwafuate wasoshalisti."

Wade akakunja uso. "Hilo sikulijua."

"Na wewe je, Wade?"

"Wazee wetu walimkataa mfalme wa Uingereza. Nimerithi uhuru. Mnyonge asaidiwe na kanisa na majirani, serikali ikae mbali."

"Mmesikia? Ulaya, wengi hulinda taasisi kongwe. Marekani, wengi hulinda uhuru uliozaliwa kwa uasi. Si wote, lakini wengi. Jina moja, urithi tofauti."

Mzee akakoroga kahawa iliyokwisha poa. "Kumbe hakunitukana."

"Nilikutukana, baba," alisema Wade. "Nisamehe. Nyasi nitakata Jumamosi. Si kwa kuiogopa serikali. Kwa heshima yako."

"Sababu yako siipendi," alisema mzee. "Jumamosi naipenda."

Tiketi hazikununuliwa. Mtoto alizaliwa, wakabishana kuhusu kodi, shule na bunduki, wote meza moja. Sauti zikianza kupanda, mmoja humuuliza mwenzake, "Hebu niambie, hapo unalinda nini?" Kisha husikiliza jibu.