Sifuri Nayo Hupimwa

Kila siku saa moja asubuhi Babu alitoka nyuma ya nyumba kwenda kuangalia kipimamvua chake. Ulikuwa mtungi wa bati uliofukiwa nusu ardhini, wenye faneli juu na ndani yake chupa ya kupokea maji. Babu aliyamimina maji hayo kwenye silinda ya kioo yenye mistari, akachuchumaa mpaka jicho lake lilingane nayo, kisha akaandika namba kwenye daftari. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja kwa hiari yake, na majirani wakambandika jina la Mzee Milimita. Mimi waliniita Chapuchapu, kwa sababu sikuwa na subira na jambo lolote.

Hata kiangazi alikwenda. Nilimuuliza mara moja, "Babu, si unaona kumekauka kabisa? Unapima nini?"

"Naona," alisema. "Lakini sifuri nayo hupimwa, bibie. Ukiikisia tu kutoka mlangoni, hiyo si sifuri, ni uvivu."

Mwaka ule mvua zilipoanza, kifua kilimbana. Daktari alimkataza baridi na unyevu, akabaki kitandani katika chumba cha nyuma, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Nyumba ikawa na harufu ya dawa ya kuchua na nguo zisizokauka. Kazi ya kupima ikaniangukia mimi.

Wiki ya kwanza nilipima vizuri. Wiki ya pili nyuma ya nyumba kukawa tope tupu, na viatu vyangu vya shule vilikuwa jozi moja. Asubuhi moja nilisimama mlangoni, nikatazama mbingu, nikaandika "4". Kesho yake nikaandika "6". Nikaona kumbe kazi yenyewe ni rahisi. Nilibadilishabadilisha namba ili zisifanane, na siku nyingine niliongeza nusu, zionekane za mtu makini. Hata aibu sikuona.

Akili yangu ilikuwa kwenye insha. Mwalimu wetu wa sayansi alitaka kila mmoja aandike juu ya mwanasayansi anayempenda, na insha bora ingesomwa mbele ya wazazi. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Niliandika juu ya yule aliyegundua dawa ya kuua bakteria kwenye kuvu, nikanakili kurasa mbili nzima kutoka kitabu cha maktaba, nikamalizia kwamba nampenda kwa sababu alikuwa na akili nyingi na dunia nzima inamjua.

Niliiandikia kwenye dawati ambalo nilikaa peke yangu. Mwenzangu wa dawati, mtoto wa fundi viatu, alichukuliwa na maji mwaka uliotangulia, siku mto ulipobeba daraja la mbao tulilovukia kwenda shule. Upande wake sikuwahi kuweka hata kalamu. Mwalimu aliniambia mara mbili nisogee katikati, akaacha kuniambia.

Alhamisi mwalimu alirudisha insha. Yangu ilikuwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Umesema anajulikana. Hujasema kwa nini apendwe." Nilirudi nyumbani nimenuna, nikimlaumu mwalimu moyoni.

Mama alinipokea na habari nyingine. Mhandisi wa daraja jipya angekuja kesho yake kunakili daftari la Babu. Alitaka kujua mvua za pale huwa kubwa kiasi gani, ndipo aamue daraja linyanyuliwe juu kiasi gani. "Mwonyeshe babu yako kwanza," alisema Mama. "Tangu asubuhi anaulizia daftari lake."

Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda. Macho yalikuwa yamemchoka, hivyo akaniomba nimsomee. Nilisoma harakaharaka, kama kawaida yangu. Nilipofika Jumanne nikasema, "Kumi na moja."

"Kumi na ngapi?"

"Moja, Babu."

Alitazama bati la paa juu ya kitanda chake. "Usiku wa kuamkia Jumanne bati hili lilipigwa mpaka redio sikuisikia. Mama yako alisimama hapo mlangoni akaniuliza kitu mara tatu. Mara ya nne akanifanyia ishara." Akakohoa, nikamshikia kikombe cha maji. "Haya, soma tena."

Nilisoma tena. Kumi na moja. Aligeukia ukutani, nikaona mgongo wake ulivyokonda ndani ya sweta. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa nilikwenda kwenye kipimamvua kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Faneli ilikuwa na majani. Chupa ya ndani ilikuwa imejaa ikafurika, na mtungi wenyewe ulikuwa na maji zaidi ya nusu. Nilijaza silinda, nikamwaga, nikajaza tena. Silinda ile ilibeba milimita ishirini na tano, nami niliijaza mara nane, zikabaki kumi na tatu. Mia mbili kumi na tatu. Namba zangu zote tisa, nilipozijumlisha, zilikuwa hamsini na saba.

Nilisimama palepale kwenye tope. Maji ya siku zote tisa yalikuwa yamechanganyika, na hakuna mtu ambaye angeweza kuyatenganisha tena. Nikalifikiria daraja lililojengwa kwa namba zangu, na wanafunzi juu yake, na maji yanapanda. Nikaukumbuka upande mtupu wa dawati langu. Nililia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.

Niliingia kwa Babu na miguu yangu michafu, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniagiza nilete madaftari ya zamani yaliyokuwa juu ya kabati, akanitajia mwaka na mwezi aliofariki Bibi. Niliupata ukurasa. Siku ya kwanza ya msiba hakukuwa na namba. Mwandiko wa Babu ulisema: "Sikupima." Siku ya pili pia: "Sikupima." Mwaka mwingine aliandika: "Nimemwaga kabla ya kusoma. Kosa ni langu."

"Ningeweza kuweka namba yoyote hapo," alisema. "Nani angejua? Sasa chukua kalamu. Zikate namba zako kwa mstari mmoja, ila zionekane. Halafu andika kilichotokea."

"Babu, watu wataona kwamba nilidanganya."

"Wataona, ndiyo. Na mhandisi utamsomea wewe mwenyewe."

Mhandisi alikuwa mama mfupi aliyevaa buti za mpira, mwenye sauti ya taratibu. Nilisimama mbele yake nikasoma nilichoandika: "Siku tisa sikupima. Namba zilizokatwa nilizibuni. Jumla iliyokuwa kwenye mtungi ni mia mbili kumi na tatu." Kisha nikamkabidhi daftari, nikamweleza jinsi Babu alivyosikia bati likipigwa usiku wa kuamkia Jumanne.

Aliitazama ile kumi na moja iliyokatwa. "Mimi natafuta siku moja iliyo kubwa kuliko zote," alisema mwishowe. "Huenda ni hiyo Jumanne. Sasa hatutaijua kamwe. Lakini kwa jumla hii nitalinyanyua daraja zaidi ya nilivyokusudia. Ningezikuta zile namba zako safi, ningeziamini, kwa sababu daftari la mzee huyu watu wote wanaliamini." Hakunipa pole wala hakunikaripia. Alinakili, akaaga.

Alipoondoka, Babu aliniita nikae karibu. Nilimwonyesha insha yangu na ule mstari mwekundu. Aliisoma polepole, akirudisha karatasi nyuma ili aone vizuri, akatabasamu kidogo.

"Mwalimu wako amesema kweli," alisema. "Akili wanazo wengi, hata matapeli. Mwanasayansi watu wanampenda kwa sababu akisema amepima, amepima, na asipojua anasema sijui. Hapo ndipo mgonjwa anakunywa dawa yake bila hofu, na mtoto anavuka daraja bila kuuliza nani kalipimia. Uvivu wako ungeweza kumpeleka mtu majini, mjukuu wangu. Uongo mdogo kwenye kipimo unamsubiri mtu mbele huko, na humjui ni nani."

Insha niliiandika upya, juu ya mwanasayansi asiyejulikana hata mtaa wa pili. Haikusomwa mbele ya wazazi, maana nilichelewa kuirudisha. Mwalimu aliandika chini yake: "Sasa umesema kwa nini." Ikanitosha.

Daraja lilikamilika kabla ya mvua zilizofuata. Maji yalipanda sana, yakapita chini yake, na watoto wote wakafika shule. Fundi viatu alisimama ukingoni asubuhi nzima akiwahesabu wanaovuka, na hakuna aliyemwambia aende nyumbani.

Babu hakuliona. Alifariki katikati ya kiangazi, wiki tatu zimepita bila tone. Asubuhi ya kumzika nyumba ilijaa watu, mbingu nyeupe, vumbi tupu. Mama alinikuta nyuma nimechuchumaa mbele ya mtungi nikiwa na gauni langu jeusi.

"Unafanya nini huko, mwanangu? Si unaona kumekauka?"

"Naona, Mama," nilisema. Nilitoa chupa, nikaiinamisha juu ya silinda, nikashusha jicho mpaka likalingana na mstari wa chini. Kisha nikafungua daftari lake, nikaandika sifuri.