Okidi Iliyosukwa

Asubuhi ile msusi aliikuta okidi imegeuka tena. Alikuwa ameiacha ikitazama dirisha, kama alivyoelekezwa, na sasa majani yake yote yameelekea ndani, kwenye kiti cha wateja. Mimea hufuata mwanga, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Huu ulikuwa unafuata kiti.

"Wifi, umekigusa hiki chungu?"

"Mimi? Kwa lipi?" Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa kwenye sinki akiosha vitana. "Vichwa vyenyewe siwezi kuvimaliza, nianze kuchezesha maua?"

Wifi huyu alikuwa akiishi nao tangu mwaka jana, na kazi ya kuosha wateja aliifanya vizuri tu, lakini msusi alizaliwa na shaka. Ikipotea pini moja, saluni nzima inapekuliwa. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa akimtania kwamba hata akifika peponi atamdai malaika kitambulisho.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili, drai mbili na kioo kirefu. Okidi haikuwa yao. Miezi saba nyuma alikuja mteja mmoja mrefu, mama asiyevua glavu hata alipooshwa kichwa, amekumbatia chungu chenye maua saba meupe. Akasukwa, akajitazama kiooni, akasema, "Nitaipitia kesho." Kesho hiyo haikufika. Maua yakadondoka moja baada ya jingine, bua likabaki tupu, na msusi akaona aibu. Mwenyewe akirudi aambiwe nini? Kwamba amekabidhi ua, anarudishiwa kijiti?

Alimwendea muuza miche wa mtaa wa pili. Yule bwana akacheka.

"Haijafa, dada. Inapumzika. Kata bua juu ya kifundo cha pili. Udongo usiitilie, iache kwenye hayo magome ya mti iliyopandwa. Maji mara moja kwa wiki, mwanga bila jua kali, na kaubaridi kidogo. Halafu hiyo mizizi inayoning'inia nje usiiguse. Inatafuta njia yake."

Yote aliyafuata, isipokuwa hilo la mwisho. Mtu aliyesuka vichwa miaka kumi na saba ataachaje vitu vinaning'inia ovyo mbele ya wateja? Siku moja kazi ilipokuwa haba, alivuta kigoda akaisuka ile mizizi mikia mitatu, akaikaza, akafunga ncha kwa uzi mweusi. Ikapendeza. Na kwa kuwa alikuwa amesikia mahali kwamba nywele ni mbolea, akawa kila siku anatia chunguni konzi moja ya zile zinazofagiliwa sakafuni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na msusi wetu, kwa ujuaji wake, guu lilikuwa limeshavunjika naye bado anatembea.

Kwanza ilikuja harufu. Nywele zilizoungua, wakati drai zote zimezimwa. Kisha ikaja sauti, saa za mchana, wakati wateja wamekwisha na wao wawili wako jikoni wanakula: kwaruu, kwaruu, kitana kikipita kwenye nywele kavu. Wakienda kutazama, hakuna mtu. Ila zile nywele zilizotiwa chunguni asubuhi hazipo.

"Wifi, unazipeleka wapi nywele za watu?" msusi aliuliza, sauti ameishusha ingawa mlango ulikuwa umefungwa.

"Astaghafiru! Unanifikiria mimi mchawi?"

"Sijasema mchawi. Nimeuliza tu."

"Umeuliza kama polisi." Wifi alisogea karibu, naye akanong'ona. "Mimi hilo ua silipendi. Nikilipa mgongo, shingo inaniwasha. Litoe, wifi yangu. Mwenye nalo harudi yule."

Msusi hakulitoa, kwa sababu aliyeomba litolewe ndiye aliyemshuku. Hapo ndipo alipokosea mara ya pili.

Kitu kimoja tu alikuwa hakichezei: nywele za mwanawe. Binti huyo wa miaka sita, wa pekee, waliyemngoja miaka tisa, walimwita Chiriku, maana aliongea tangu jicho lifunguke mpaka lifumbe, akikosa mtu anaongea na sahani. Nywele zake msusi alizikusanya mwenyewe na kuzichoma mwenyewe uani, hata wifi hakuruhusiwa kushika ufagio.

Basi siku ile ile okidi ilipogeukia kiti, alitoka stoo na kopo la mafuta, akamkuta Chiriku amekaa kwenye kiti cha wateja, mkasi mapajani, kichwa chake kimenyolewa vipande vipande kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Chunguni mlikuwa na rundo la nywele laini.

"Nani amekufanya hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini, mwanangu?"

Mtoto aliichungulia okidi kabla ya kujibu. "Limeomba, mama. Limesema za wale wengine zimechoka."

Msusi alizifukua zile nywele kwa kucha mpaka chini ya magome, lakini alizopata hazikujaa hata kiganja. Kesho yake okidi ilitoa bua jipya, la kijani, lenye kitumba kimoja. Na ukweli lazima usemwe: kabla hajaogopa, alifurahi. Miezi minne alikuwa amelingoja bua hilo.

Siku ya pili vitumba viwili, na Chiriku akawa anajibu kwa neno moja. Siku ya tatu vitumba vitatu, na Chiriku anatikisa kichwa tu. Siku ya nne hakuna alichosema kabisa. Daktari alimwasamisha, akamulika koo, akasema koo ni zima, labda mtoto amedeka. Msusi akarudi nyumbani amembeba mgongoni, na uzito ule wa mtoto asiyesema kitu ulimtisha kuliko homa yoyote aliyowahi kumuuguza.

Alasiri ya siku ya tano alikuwa jikoni aliposikia, kutoka saluni, sauti ya Chiriku ikiongea mfululizo, ikihesabu vitana, ikiuliza na kujijibu, ikicheka, na moyo wake ukaruka kwa furaha, akatupa mwiko, akakimbia na machozi yanamtoka huku akimwita wifi aje asikie, akasukuma mlango, akamkuta mwanawe ameketi kimya kitini, mdomo umefumbwa, macho makavu yametulia kiooni, na sauti bado inaendelea, haikukatika hata alipoingia, na ilikuwa ikitoka dirishani ambako maua matatu yalikuwa yamefunguka, meupe, na katikati ya kila ua ile nyama ndogo nyekundu iliyokaa kama ulimi ilikuwa inatembea.

Wifi alimshika mkono kwa nyuma. "Usiliitikie," alinong'ona. "Nakuomba, usiliitikie. Namfuata mkunga."

Mkunga yule alikuwa amestaafu, lakini watu walimjua pia kwa mambo yasiyopimwa hospitali. Alifika kwa raba zake na mkoba, hajapumua vizuri, akamtazama Chiriku.

"Huyu nilimpokea akipiga kelele mpaka nikaziba masikio. Leo mnanionyesha bubu?" Akakigeukia chungu, akaiona ile mizizi, na uso wake ukabadilika. "Nani amesuka?"

"Mimi," msusi alisema.

"Hilo ni jini, na aliyelileta alilichoka akaja kulitua kwako. Likiachwa lingejiondokea, hiyo mizizi ilikuwa njia. Wewe ukalifunga, halafu ukalilisha. Sasa utalifungua mwenyewe. Kwa vidole, mkasi hautakiwi. Na litasema. Litasema mengi. Ukilijibu neno moja tu, mtoto umempoteza."

Msusi akakaa kwenye kigoda. Mkunga alisimama nyuma ya Chiriku, mikono mabegani mwake, akisoma dua kwa sauti ya chini. Mkia wa kwanza ulifumuka kwa shida, mizizi ikiwa imevimba na kuteleza, yenye joto la ngozi.

"Mama, unaniumiza," ilisema sauti, vilevile hasa alivyokuwa akilalamika Chiriku siku za kusukwa.

Msusi alibana meno. Mkia wa pili.

"Mama, pole pole. Mama, mbona hunijibu? Nimekosa nini?"

Machozi yalimdondokea vidoleni na bado alifumua, na alipoushika mkia wa tatu sauti ilishuka ikawa mnong'ono wa mtoto aliye gizani, ikamwambia mama, mimi niko huku, huyo aliyekaa kitini simjui, nilimpa nywele akaniambia tubadilishane kidogo tu halafu akaniacha huku, mama, ukimalizia huo wa mwisho yeye ndiye atakayekuwa huru na mimi sitaweza kurudi tena, na msusi aliinua macho akatazama kiooni, akamwona mtoto kitini anamtazama bila kupepesa, akamwona mkunga amefumba macho kwenye dua yake, na shaka, ile aliyozaliwa nayo na kuitumia kwa kila mtu, ikamrudia, kwa kuwa mara hii hakujua amshuku nani.

"Malizia!" mkunga alifoka.

Akamalizia.

Maua yote matatu yalianguka kwa pamoja. Sauti ikakatika, kisha harufu ile ya kuungua ikatoka kama vile mtu amefungua dirisha. Chiriku akapiga chafya, akapepesa macho, akasema, "Nasikia njaa."

Wifi alipiga kigelegele. Msusi alimkumbatia mwanawe akilia kwa sauti, akamwomba wifi msamaha papo hapo, na wifi akamwambia yaishe. Mkunga alikunywa maji, akaagiza maua na chungu chake vichomwe vyote kabla jua halijazama, kisha akajiendea zake. Wifi akavibeba uani.

Msusi alimpakulia mtoto chakula. Chiriku alikula taratibu, bila kumwaga, bila kuongea na sahani. Alipomaliza alifuta mdomo, akamshika mama yake mkono kwa vidole vya baridi.

"Mama," alisema.

"Naam, kipenzi changu."

"Asante kwa kunifungua."

Msusi aligeuza shingo kwenye dirisha la jikoni. Kule uani wifi alikuwa ameshawasha moto, na katikati ya mlio wa magome yanayopasuka, mtoto alikuwa anamwita mama yake.