Kiatu cha Tano

Kila asubuhi, wiki ile ya kabla ya sikukuu, Chiriku alifagia darasa la shangazi yake, akatandika mikeka na kufungua madirisha ili harufu ya gundi itoke. Jina hilo alilipata nyumbani kwa kupenda kuongea. Alikuwa darasa la sita na shule yake ilishafunga, lakini chekechea ya shangazi ilikuwa bado. Shangazi mwenyewe alikaukiwa na sauti kwa mafua, akabaki nyumbani.

"Wafundishe kuhesabu mbilimbili," alinong'ona. "Kila mtoto abandike nyota mbili kwenye kadi yake ya sikukuu. Kisha wahesabu nyota za kadi zote, wakizigusa kwa kidole. Usiwaharakishe. Ijumaa wazazi watakuja kuwasikiliza."

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili gundi ilimwagika, nyota zikanata kwenye nywele, na Kifungo akakwama. Huyu alikuwa binti wa fundi viatu, msichana wa miaka sita aliyezoea kutafuna kifungo cha sweta lake.

"Mbili, nne, halafu?" Chiriku aliuliza.

"Tano."

"Tano tunairuka."

"Kwa nini? Imefanya nini?"

Wenzake walicheka. Uvumilivu ulimwishia Chiriku. Alizifungia kadi kabatini, akaanza kuwaimbisha huku wakipiga makofi: mbili, nne, sita, nane. Kufikia Alhamisi wote waliimba mpaka ishirini bila kukosea, hata Kifungo.

"Wanaelewa?" shangazi aliuliza, alipopita mlangoni jioni.

"Wameiva, shangazi."

"Umewajaribu kwa nyota?"

"Ndiyo," Chiriku alijibu, akageuka kufuta ubao uliokuwa safi.

Ijumaa kadi zilitolewa kabatini na kupangwa mezani, chumba kikajaa. Watoto waliimba, wazazi wakafurahi. Ndipo fundi viatu, mtu mpole asiyezoea kusimama mbele za watu, alipochukua kadi nne mezani na kuzinyanyua.

"Mwanangu, hapa kuna nyota ngapi?"

"Mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili," Kifungo alianza, na ingawa nyota zilikuwa nane tu, hakusimama mpaka ishirini.

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, wengine wakamfuata. Kifungo aliwatazama mmoja mmoja, akatambua kwamba anachekwa yeye. Mkojo ukamtiririka miguuni. Baba yake alivua koti, akamfunika, akambeba na kuondoka bila kuaga.

Kesho yake habari zilifika kwamba Kifungo hataki tena shule, na baba yake hatamlazimisha. Shangazi alikaa ameshika kikombe cha chai iliyopoa.

"Kosa ni langu," alisema. "Ningekuja darasani hata bila sauti."

Chiriku alimsogelea. "Shangazi, nilikudanganya. Kadi zilikaa kabatini tangu Jumanne mpaka jana. Waliimba tu."

Shangazi aliweka kikombe chini. "Mimi umeniambia," alisema. "Sasa nenda kamwambie fundi."

Kibanda cha fundi kilijaa viatu, maana kila mtu alitaka vyake kabla ya sikukuu. Kifungo alikuwa chini ya meza, na alipomwona Chiriku aligeuza uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Chiriku alieleza yote. Fundi aliendelea kugonga msumari mpaka ukazama.

"Mimi niliacha shule kwa kuchekwa," alisema hatimaye. "Jana nilimwambia mtoto kwamba hesabu si za watu kama sisi."

"Si kweli, baba. Hakufundishwa." Chiriku alichuchumaa. "Kifungo, uliniuliza swali nikakukwepa. Njoo tupange viatu."

Kifungo alichelewa, kisha akatoka. Walipanga jozi chini, moja baada ya nyingine.

"Mteja mmoja ana viatu vingapi?"

"Viwili."

"Wawili?"

Aligusa kimoja kimoja. "Vinne."

Jozi ya tatu ilipowekwa, Kifungo aligusa cha kushoto. "Tano." Akagusa cha kulia. "Sita." Akarudia. "Tano ipo. Ila haiwezi kwenda nyumbani bila mwenzake."

Jozi zilipofika saba, baba yake aliuliza kwa sauti ndogo, "Wateja saba?"

Kifungo alikosea, akaanza upya, kidole kikitembea juu ya viatu. "Kumi na vinne."

Fundi aliweka nyundo chini na kujifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Kiatu kilichofumuka nikikipaka rangi bila kukishona, hapa kitang'aa. Mwenyewe ataumbuka barabarani, mbele za watu. Wewe ulificha kosa, aliyeumia ni huyu. Siku nyingine ukishindwa kazi, sema umeshindwa, mtu akusaidie mapema."

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Na wewe Kifungo, nisamehe."

Kifungo alikuwa anavuta jozi nyingine.

"Shule ikifunguliwa nitamleta mwenyewe," fundi alisema. "Nataka nikukute mlangoni."

"Utanikuta," Chiriku alisema, akakaa chini kumsaidia mtoto kupanga.