Neva Maini

Soko la Kasongo lilijaa mpaka barabarani. Vita ya Wazungu ilikuwa imeisha, askari walikuwa wanarudi mmoja mmoja, na kila aliyerudi alikuwa na viatu. Nuru, binti wa Yakubu mchinjaji, alikuwa anafukuza inzi juu ya meza ya baba yake, kanga nyekundu begani, wanja machoni. Mara baiskeli moja mpya ikamkwepa mbuzi, ikaingia moja kwa moja kwenye meza. Sinia likaanguka. Figo zikatembea vumbini.

Mwenye baiskeli akaruka chini. Kijana mrefu, kaptula ya kaki imepigwa pasi, kofia imelala upande.

"Neva maini!" akasema mbio. "Neva maini, dada!"

"Maini imeisha," Nuru akamjibu. "Leo iko figo tu, na hizo umekwisha kuzitia chumvi ya vumbi."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

"Si maini ya ng'ombe, ni Kiingereza. Nilivunjika mguu kule Misri, wakanilaza kwa Waingereza. Kila nikilia, nesi ananigusa bega: neva maini, Faradji. Ni kusema, usihangaike, itapita."

"Basi mwambie baba yangu hiyo neva maini. Njo huyo anakuja na kisu."

Faradji alizinunua figo zote, na vumbi lake.

Tangu hapo kila siku ya soko alitaka nyama.

"Wewe askari, nyumbani munakula ng'ombe muzima?"

"Siji kwa ng'ombe."

"Unakuja kwa nani?"

"Kwa mwenye kufukuza inzi."

Mvua ikiwakuta, neva maini. Yakubu akikohoa nyuma yao, neva maini. Nuru akaanza kulisema neno lile peke yake, akitwanga, na mchi ukalifuata.

Halafu asubuhi moja Faradji akaja bila kupiga kengele ya baiskeli.

"Nimepata kazi ya kuendesha kamyo, machimbo ya zahabu kule Salamabila. Kesho ninaondoka."

"Na mimi?" Nuru akauliza. "Baba anataka jibu mbele ya Ramadhani. Kuna watu wa Lusangi wanakuja kuniposa. Utarudi kunioa, Faradji?"

Kiswahili chote kikamkimbia Faradji.

"Neva maini, Nuru," akasema. "Neva maini."

Akaenda. Nuru akachukua kitambaa cheupe na uzi mwekundu ili amfumie neno lile katikati. Alikuwa amesoma miaka mitatu tu kwa masista, lakini herufi alizishika. Ila Kiingereza kinaandikwaje? Akaenda kwa fundi cherehani Assumani, aliyekaa miaka minane Kigoma na kurudi akijigamba kwa Kiingereza chake.

"Sema tena," fundi akasema, akasimamisha mashine.

"Neva maini."

"Nani alikwambia?"

"Mutu tu."

"Neva, ni hata siku moja. Maini, ni wangu. Hata siku moja hutakuwa wangu." Akakata uzi kwa meno. "Pole, binti yangu."

Nuru hakulia pale. Alilia alipofika jikoni, ambako moshi ungebeba lawama. Kumbe alimwuliza mtu kama atamwoa, na mtu akamkataa mara mbili, usoni! Akachukua ini la ng'ombe, akalikausha juu ya moto, akalifunga katika majani, akampa Kasimu, dereva wa kamyo ya Kabambare inayopitia Salamabila.

"Mupe Faradji. Mwambie, Nuru amesema: maini yako njo hii."

"Basi?"

"Basi. Atasikia mwenyewe."

Huko Salamabila, Faradji alifungua majani yale, akasikia maneno ya Kasimu, akakaa juu ya ndoo.

"Ameniletea ini!" akapiga kelele. "Mwanamke akikupa ini lake, iko nini tena amebakiza?" Akala yote. Akaomba ruhusa siku hiyo hiyo.

Ijumaa baada ya sala, mjomba wake aliketi mbele ya Yakubu, kanzu nyeupe pepe, naye Faradji nyuma yake.

"Tumeona ua katika nyumba yako," mjomba akaanza.

Pazia likapasuka, Nuru akatokea.

"Baba, usipokee! Huyu alisema hata siku moja sitakuwa wake!"

"Mimi? Lini?"

"Kila siku! Neva maini, neva maini, mbele ya soko zima! Fundi Assumani amenifasiria."

"Na ini uliloniletea?"

"Yalikuwa matusi!"

"Nimeyala yote!"

Yakubu alizoea mifupa, lakini huu hakujua aukatie wapi.

Faradji akatoa kitabu chake cha askari. Ukurasa wa mwisho nesi alikuwa amemwandikia neno lile siku ya kuagana, naye alilitunza kama hirizi bila kulisoma. Nuru akalifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Huku nyuma iko D," akasema polepole.

Fundi akaitwa kutoka ng'ambo ya barabara, utepe shingoni. Akasoma. Akafuta jasho.

"Maindi," akakiri. "Yenye D, ni kweli, ni usihangaike. Isiyo na D, ni wangu. Mimi nilifasiri kile nilichosikia."

"D imeanguka njiani," mjomba akasema. "Misri na Kasongo ni mbali."

Faradji akacheka. Nuru hakucheka.

"Mimi siolewi na Kiingereza chenye kuanguka njiani. Ninakuuliza mbele ya baba, Faradji. Mimi ni nani kwako?"

"Ne—"

"Acha neva!"

Akavua kofia. Akamtazama machoni.

"Maini," akasema.

Nuru akajifunika uso kwa kanga. Yakubu alikuwa ameuza maini miaka ishirini, na hakuwa amesikia bado mtu akiyataja namna ile.