Muhuri wa Malkia

Kabati lilikuwa limefungwa, kioo kizima, kufuli halina hata mkwaruzo. Ndani ulibaki mto wa mahameli tu, katikati umebonyea kwa umbo la kitabu kilicholala hapo miaka sabini.

Inspekta alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Miaka ishirini na sita ya upelelezi ilikuwa imemwingiza katika majumba ya matajiri na vilabu vya walevi, lakini ukumbi huu wa mapokezi ulimfanya ashushe sauti bila kuambiwa. Marumaru iling'aa hadi akaona soli za viatu vyake. Ngazi mbili zilipanda kulia na kushoto, zikakutana juu mbele ya mlango mmoja wa mninga wenye kibao cha shaba: Chumba cha Malkia. Alishtuka kugundua kwamba amevua kofia.

"Kimeibwa nini hasa?" aliuliza.

"Imeibwa hoteli," alijibu Bibi Mkubwa.

Ndivyo alivyoitwa na kila mtu, kuanzia wapishi hadi mawaziri. Alikuwa mjukuu wa mwasisi, mwenye miaka sitini na miwili na mgongo ulionyooka kama rula. Shingoni alivaa kamba ya hariri yenye ufunguo mdogo.

"Kile ni kitabu cha kwanza cha wageni, Inspekta. Wafalme wametia saini humo. Waimbaji, mabingwa wa ndondi, marais wawili waliokuwa hawasalimiani. Ukurasa wa kwanza kabisa ni wa Malkia wa Visiwa, mgeni wetu wa kwanza, na muhuri wake wa kifalme. Leo saa kumi alasiri nina wageni mia tatu wa kusherehekea miaka sabini. Profesa anayeandika historia yetu angekifungua mbele yao, aupige muhuri ule picha kwa kamera ya kitaalamu."

"Ufunguo wa kabati?"

"Ni mmoja tu. Huu. Hata bafuni naingia nao."

"Mara ya mwisho kukiona?"

"Jana jioni. Leo saa mbili asubuhi nimeshuka, nikakuta hivyo."

Sajenti, binti mwembamba mwenye macho ya mwewe, alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya kabati na brashi yake ya unga mweusi. Alitikisa kichwa. "Alama za vidole ni za mama huyu tu, afande. Nyingine zimepanguswa. Aliyefungua alivaa glavu."

Walianza na bawabu. Sare yake ilikuwa na vifungo vya dhahabu ishirini na vinne, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Jemedari, ingawa jeshini hakuwahi kukanyaga.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida. Usiku mlango huu hufungwa kwa komeo."

"Nani alipita mlangoni?"

"Mgeni mmoja wa kuwahi ndege, na begi la mkononi. Afande, kitabu chenyewe kina ukubwa wa sinia. Huwezi kukipitisha mbele yangu labda ukimeze."

"Na lango la nyuma?"

"Huko kila mfuko unafunguliwa. Hata kijiko hakitoki."

"Basi kitabu kimo humu humu."

"Kama si wewe kusema, ningesema mimi."

Wa pili alikuwa msimamizi wa vyumba, mwanamke wa miaka sitini na tisa, mrefu kupita wanaume wengi pale, anayetembea polepole kama anayebeba maji kichwani. Kiunoni zilining'inia funguo zaidi ya sitini, ndiyo maana wakamwita Bi Funguo.

"Umefanya kazi hapa muda gani, mama?"

"Niseme nimefanya kazi au nimeishi? Nimezaliwa chumba cha kufulia, kule chini. Mama yangu ndiye aliyekuwa dobi wa kwanza wa hoteli hii. Mimi nilianza kutandika vitanda nikiwa na miaka kumi na sita."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nakusanya vitambaa vya meza na kikapu changu cha magurudumu. Huwa napita hapa ukumbini."

"Uliona nini?"

"Niliona sakafu inahitaji kupigwa deki."

Sajenti alicheka kidogo, akajikohoza. Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari lake: *kikapu*.

Saa tano, upekuzi wa makabati ya wafanyakazi ulizaa matunda. Sajenti alirudi na glavu mbili nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye vidole palikuwa na vumbi jekundu, kama la tofali.

"Ngozi ya kile kitabu imezeeka," alisema Bibi Mkubwa. "Ukiigusa tu inakuachia wekundu huo. Glavu za nani?"

"Zina namba saba, imeshonwa kwa uzi. Zilikuwa kwenye kabati la Jemedari."

Bibi Mkubwa alifumba macho. "Wiki iliyopita nilimwambia sherehe ikiisha apumzike, umri umekwenda. Alivua kofia tu, akaondoka."

Jemedari alitolewa kupitia mlango uleule alioufungulia watu miaka thelathini na mmoja. Safari hii alifunguliwa yeye. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nifungeni pingu, lakini msinivue koti mbele ya wageni." Sajenti, aliyezoea matusi ya wakamatwa, alishindwa kumtazama usoni.

Lakini roho ya Inspekta haikutulia. Alizitazama glavu zile tena. Zilikuwa zimekunjwa, moja ndani ya nyingine, na mkunjo wa pasi ulikuwa bado mkali kama wembe. Mtu akivua glavu baada ya kuiba hutupa, hufukia au huchoma. Nani hukunja namna hii? Ni mtu ambaye mikono yake imekunja nguo maisha yake yote, hata akili ikiwa mbali.

Alikwenda kusimama mbele ya picha kubwa iliyotundikwa ukutani, nakala ya ukurasa wa kwanza, iliyokuzwa ili wageni waisome. Juu, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma: *Malkia wa Visiwa*. Chini yake, doa la buluu ambalo watu wa tabaka la juu walikuwa wakilistaajabia tangu babu zao.

Akatoa kioo cha kukuzia.

Aliinama muda mrefu. Vistari vyembamba vilizunguka katikati, kimoja ndani ya kingine. Alikuwa ameona maelfu ya vistari kama hivyo maishani.

"Sajenti. Njoo uniambie hiki ni nini."

Sajenti alitazama, akainua kichwa, akainama tena. "Afande, huu si muhuri. Hili ni dole gumba."

"Na wino?"

"Siwezi kuapa kwa picha. Lakini rangi hii naijua. Bibi yangu alikuwa akiloweka mashati meupe kwenye buluu ya kufulia, na vidole vyake vilikuwa hivi hivi mwaka mzima."

Walitazamana. Miaka sabini, marais na wafalme walikuwa wameinamia alama ile kwa heshima, na hakuna aliyewahi kuitazama kwa jicho la polisi.

"Mwasisi alikuwa na kazi gani kabla ya hoteli?" Inspekta alimuuliza Bibi Mkubwa.

"Seremala. Kabati hilo alilitengeneza kwa mikono yake. Makabati yote ya nyumba hii ni kazi yake, hata ya shuka."

"Na kufuli zake alinunua moja moja?"

"Babu? Babu alinunua kila kitu kwa boksi."

Inspekta aliomba ufunguo wa stoo ya shuka kutoka kwenye ubao wa akiba, akautia kwenye kabati la kioo. Ulizunguka bila hata kunung'unika.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, chenye joto na harufu ya sabuni na pasi. Hata huko Inspekta alipigwa na butwaa: rafu kutoka sakafuni hadi darini, shuka nyeupe elfu na zaidi zimepangwa kingo kwa kingo, kama ukuta uliochongwa. Bi Funguo alikuwa peke yake, anakunja foronya.

"Jemedari mmempeleka wapi?" aliuliza kabla hawajamsalimu.

"Yuko garini. Anapelekwa kituoni."

Foronya ilimponyoka. "Kwa lipi?"

"Glavu namba saba. Zina vumbi la kitabu."

"Nilichukua tu jozi ya juu kutoka kwenye rundo! Sikutaka jasho langu liharibu kurasa. Nikazirudisha na nyingine, zikagawiwa..." Alikaa juu ya kikapu taratibu. "Mwacheni yule mzee. Hajui lolote. Kitabu nimekichukua mimi."

"Kiko wapi?"

Aliinuka, akatoa shuka saba katika rafu ya chini, akavuta kitabu chekundu kilichofungwa ndani ya shuka ya nane. Alikiweka mezani kwa mikono miwili, kama anavyowekwa mtoto mchanga.

"Alama ile ya buluu ni ya mama yako," alisema Inspekta.

Bi Funguo alimtazama kwa mshangao, kisha mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

"Hoteli ilifunguliwa, wiki nzima haikuingia roho. Watu wakubwa wa mji walicheka: nani atalala kwa seremala? Mke wa mwasisi ndiye aliyepata wazo. Mama yangu alikuwa mrefu, shingo ndefu, na alijua kunyamaza. Wakamvisha gauni la kuazima. Wakakodi gari. Wakajaza masanduku kumi na moja kwa mashuka ili yawe mazito. Akaingia kwa mlango wa mbele saa tisa mchana, mji mzima umesimama barabarani."

"Hakuna aliyemtambua?"

"Nani humtazama dobi usoni? Siku tatu alikula mezani, akaitikia kwa kichwa, hakutamka neno. Mke wa mkuu wa mji alimpigia goti, afande! Siku ya nne vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Walipomletea kitabu, mama hakujua kuandika. Mwasisi akamwandikia jina, yeye akachovya dole gumba kwenye buluu yake. Kisha akavua gauni, akarudi hapa chini, akafua shuka alizolalia mwenyewe."

"Na picha?"

"Walisema malkia hapendi kupigwa picha. Ndiyo sababu mama yangu hana picha hata moja duniani."

"Kwa nini uibe, mama? Kwa nini leo?"

"Kwa sababu ya kamera ya Profesa. Angeona ulichokiona wewe. Angesimama mbele ya watu mia tatu aseme mgeni wa kwanza alikuwa tapeli. Miaka hamsini na tatu nimetandika kitanda cha Chumba cha Malkia. Kila asubuhi nasikia wageni wanamtaja kwa heshima, na mimi nakung'uta mto, nasema moyoni, huyo ni mama yangu. Kwenye nyumba nyingine angekuwa dobi tu. Hapa tu ndipo alipokuwa malkia. Nilitaka abaki hivyo hadi nife."

"Ungeweza kuuchoma ukurasa."

"Nilishika kiberiti alfajiri." Machozi yalimtoka sasa, bila sauti. "Nikaweka kidole changu juu ya chake. Kinalingana. Ningechomaje? Huo ndio mwili wake wote uliobaki."

Nyuma yao kitu kilisogea. Bibi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mkono kinywani. Hakuna aliyejua amesikiliza tangu lini. Alikuja hadi mezani, akafungua kitabu, akalitazama doa la buluu ambalo alikuwa amelipita kila siku tangu utoto wake.

"Nyanya hakuniambia," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Aliapa, Bibi Mkubwa. Na mama aliapa."

"Nimelishwa na mwanamke huyu. Nimesomeshwa naye. Kila tofali hapa..." Akamgeukia Inspekta. "Kitabu hakijatoka nyumbani kwangu. Sina malalamiko. Bawabu wangu arudi, na nitamfungulia mlango mimi mwenyewe."

"Na Profesa?" aliuliza Inspekta.

"Aje na kamera yake. Lakini hatasema yeye. Atasema mwenye mama."

"Mimi?" Bi Funguo alirudi nyuma. "Mbele ya wakubwa wale? Watacheka."

"Waliinama kwa malkia asiyekuwepo. Leo watasikia kwamba dobi mmoja, kwa siku tatu bila kufungua mdomo, aliusimamisha mji wote na akajenga hoteli. Acheke anayeweza."

Kisha akafanya jambo ambalo Sajenti alilisimulia kituoni kwa miezi mingi. Kwa miaka hamsini na tatu, kila asubuhi, Bi Funguo ndiye aliyekuwa akimwamkia tajiri wake, ingawa alimzidi kwa miaka saba. Sasa Bibi Mkubwa, ambaye mawaziri walimsubiri wamesimama, alikunja goti juu ya sakafu ya saruji iliyolowa.

"Shikamoo, dada."

Mvuke ulifuka kwenye pasi iliyosahaulika. Bi Funguo alitafuta pa kushika. Inspekta alijikuta anaomba kimoyomoyo ajibu.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Marahaba, mdogo wangu. Inuka, utalowa."